Nilimshika Mama Mkwe Kiunoni, Kisha Nikakana

Barua hii imetufikia kutoka upande wa Geita. Jina la mwandishi tunalo, ila ametusihi tulifiche, nasi tumelificha.

Mhariri na wasomaji wenzangu, mficha uchi hazai, nami leo nauanika. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minne, Msukuma, seremala wa mgodini. Nachonga magogo ya kuegemeza mashimo yasiwaangukie watu. Mke wangu ana mimba ya miezi saba. Mbili za mwanzo ziliharibika, ndiyo maana safari hii mama yake alitoka kwao Shinyanga kuja kumtazama. Badala yake akaanguka yeye. Alikuwa anapepeta mchele uani, ungo ukamponyoka, mdomo ukaenda upande, mkono na mguu wa kulia vikalegea. Kiharusi.

Hospitali walimlaza wiki tatu. Siku ya kumruhusu, dresa, yule msaidizi wa daktari, akatuambia, "Kazi yetu imeishia hapa. Iliyobaki ni ya nyumbani. Mtembezeni asubuhi na jioni, mnyosheni mkono na vidole. Mkimwacha alale tu, mguu huo mtaupoteza." Nikamuuliza nani atamtembeza. Akanitazama mabega, akasema, "Si wewe hapo?" Lo! Yule ni mtu wa Pwani, angejua nini.

Msio Wasukuma niwaeleze. Kwetu mama mkwe hashikwi. Nikikutana naye njiani, mimi ndiye ninayeingia kichakani ili apite. Miaka tisa ya ndoa sijala naye sahani moja wala kumtazama usoni. Namwamkia kwa mbali, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje mama, macho chini, basi. Leo nimkumbatie?

Wanawake wa jirani walikuja kumwinua siku mbili. Ya tatu wakaenda kuvuna karanga zao, na siwalaumu, njaa haina ujirani. Mke wangu akajaribu peke yake, na mama ni mtu wa mwili. Nilimkuta ameinama, ameshika tumbo, jasho linamchuruzika. Nilimfokea mpaka kuku wakatawanyika. Halafu nikaenda nikachukua mchi wa kinu. Mimi nikashika ncha hii, mama akashika ile kwa mkono wake mzima, tukaanza kujikokota uani, mchi katikati yetu, heshima haijavunjika. Siku ya nne akateleza. Sikufikiri hata kidogo, nikamdaka kiunoni.

Nikasema, "Nisamehe, mayu." Ulimi wake ulikuwa mzito, hakuweza kujibu. Lakini alinikamata shati, akanisukuma kwa bega, yaani twende. Tangu siku ile nikawa namshika kiunoni asubuhi kabla ya king'ora cha mgodini, na jioni nikirudi, mlango wa ua tumeufunga. Kwanza kutoka kitandani hadi mlangoni. Kisha hadi jikoni. Wiki ya tano akazunguka ua mzima mara mbili, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Mimi nililia, na sioni haya kusema.

Ndipo akatokea shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, kwa baiskeli, bila taarifa. Hata maji hakunywa. Akasema, "Shemeji, kuna neno nimelisikia njiani, na mdomo wangu hauwezi kulitamka. Nani anamwinua mama?"

Mke wangu akatazama chini. Mama alikuwa mkekani, ananiangalia mimi. Jamani, mimi ninayejigamba mgodini kwamba simwogopi hata msimamizi wa Kizungu, nilimwogopa shemeji. Nikasema, "Wanawake wa jirani, shemeji. Mimi nitamshikaje mkwe wangu? Nina wazimu?" Na nikacheka.

Shemeji akashusha pumzi. "Ahsante, umenitua mzigo. Basi kama ni wanawake, hata nyumbani wapo wake zetu. Tukishauza pamba nakuja na lori kumchukua."

"Lakini dresa amesema atembezwe kila siku."

"Mtu mzima huyo, atembezwe aende wapi? Atalala, ataletewa kila kitu, na mganga atamfukiza."

Neno pekee la kumzuia ni kwamba mimi ndiye ninayemtembeza, na hilo nimeshalikana kwa kinywa changu. Nikilisema sasa, ni mwongo na mvunja mwiko kwa mpigo mmoja. Ukweni sitakanyaga tena, na mke wangu ataambiwa achague kati yangu na ndugu zake, na mimba ile tumboni. Yeye ananisihi ninyamaze mpaka ajifungue. Pamba itauzwa kabla hajajifungua. Nimebanwa kotekote.

Na bado hilo silo linaloninyima usingizi. Kesho yake asubuhi nilimwendea mama kama kawaida. "Mwangaluka, mayu. Twende." Akaivuta kanga kwa mkono wake mzima, akajifunika kiuno, akageukia ukutani. Nikangoja. Hakugeuka. Leo ni wiki ya pili hajapiga hatua hata moja, na goti limeanza kukakamaa. Yule mama hakunionea aibu hata siku moja, mpaka niliposimama mbele ya mwanawe nikacheka kama vile kumshika yeye ni jambo la mwendawazimu. Aibu hiyo nimemvika mimi.

Wasomaji, wazee kwa vijana, nawapigia magoti. Niende Shinyanga nikaseme kweli mbele ya wanawe wote, liwalo na liwe? Au nimnusuru mke wangu na mimba yake, nimwache mama akalazwe mkekani mpaka kufa? Na yeye mwenyewe aliyegeukia ukutani, nimwombe radhi kwa maneno gani, mimi nisiyeruhusiwa hata kumtazama usoni? Nishaurini, nifanye nini?