Sufuria ya Mama na Soda ya Sabuni

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, naikumbuka kwanza kwa harufu ya mawese yakichemka, halafu kwa sauti ya mdogo wangu akiomba maji. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mvua imekatika, na ukungu umefunika mlima wetu ulio juu ya Lushebere. Mengine nimeyasahau, maana kichwa cha mtu mzima ni kama kikapu cha zamani, huvuja. Hilo halijavuja.

Baba alikufa, na kabla maharagwe ya msimu uleule hayajavunwa, mama naye akamfuata. Mimi nilikuwa mwaka wa pili wa sekondari. Sikurudi tena darasani. Nilibaki na wadogo watatu, na aliyenifuata alikuwa Furaha, msichana mwembamba wa maneno machache. Kaburini kwa mama niliapa kwamba huyo atamaliza masomo, hata kama mimi nitakula majani. Siku za juma nililima, Jumamosi nikapika sabuni. Mawese yalifika kwa pikipiki kutoka Pinga, upande wa Walikale. Soda, ile nyeupe inayochoma, niliitoa sokoni. Sabuni hiyo ndiyo iliyomweka Furaha shuleni.

Alikuwa akisoma kemia. Wakati wa palizi nilimsikia akikariri taratibu, jembe likienda: sodiamu, magnesiamu, alumini, silikoni, fosforasi, salfa, klorini, agoni. Alinieleza kwamba karibu kila kimoja katika mstari ule kina oksidi yake, yaani kile kinachopatikana kikishikana na oksijeni ya hewani. Oksidi za mwanzo wa mstari zikiingia majini huelekea uchungu, kama maji ya majivu, na soda yetu ni ya ukoo huo, imetoka kwa sodiamu. Oksidi ya silikoni ni mchanga huu tunaoukanyaga, maji hayaufanyi kitu. Zile zinazofuata, za fosforasi na salfa, hugeuza maji kuwa asidi. Nilimsikiliza kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani.

Msimu mmoja upepo ulituletea moshi wa volkano, mvua ikanyesha, na majani ya maharagwe yakaungua mlima mzima. Watu wakaanza kutazamana vibaya. Furaha, aliyeniita yaya kama wadogo wa kwetu wanavyomwita mkubwa wao, akaniambia, "Njo salfa ile, yaya. Moshi yake ikikutana na mvua inakuwa asidi. Hakuna muntu aliloga shamba."

Nilicheka. Yule mtoto alikuwa amenipa zawadi, nami nikaitupa.

Basi Jumamosi ile ndoo ya plastiki niliyozoea kuyeyushia soda ilikuwa imepasuka. Nikatazama jikoni, nikaiona sufuria ya mama. Ilikuwa ya alumini nzito, aliyokuja nayo siku ya kuolewa, na ndani yake alitupikia sombe, yaani majani ya muhogo, na maharagwe mpaka wiki yake ya mwisho. Niliimiminia karibu maji yote yaliyokuwa nyumbani, nikachukua mfuko wa soda.

Furaha alisimama mlangoni.

"Yaya, hapana weka soda mule. Ile sufuria iko alumini."

"Iko alumini tangu mama aliolewa. Moto haikuiweza, mvua haikuiweza. Leo iogope unga?"

"Haiozake juu iko na oksidi, kama ngozi nyembamba. Ile ngozi inazuiaka maji. Lakini alumini iko katikati ya mustari, oksidi yake inashikana na asidi, inashikana na soda vilevile. Soda itakula ngozi, kisha itakula na sufuria."

"Mwalimu wako alishapika sabuni?"

"Hapana."

"Na nani anakulishaka? Mimi ao mwalimu?"

Wale wadogo wawili wakacheka. Furaha akainamisha kichwa. Ningeweza kuishia hapo, mwanangu. Lakini maneno yake yalikuwa yamenigusa pale panaponiuma, pale palipobaki dawati langu tupu. Nikamwaga soda, nikamwambia, "Kuja ukoroge wewe mwenyewe, tuone kama iko na meno."

Alinitazama kidogo. Kwetu, yaya akishachukua nafasi ya mama, neno lake ni neno la mama, na mtoto halikatai. Akaja. Akashika mti wa kukorogea.

Mwanzoni ilisikika sauti ndogo, kama manyunyu juu ya majani ya ndizi. Kisha sufuria ikawa nyeusi ndani, mapovu yakapanda, mvuke ukatukaba koo. Povu lilipanda haraka kama maziwa yaliyosahauliwa motoni, halafu likaruka. Furaha aliachia mti na kushika uso.

"Maji," alisema. "Maji, yaya."

Maji yalikuwa ndani ya sufuria; yaliyobaki yalikuwa machache tu chini ya pipa la mvua. Chemchemi iko chini kabisa bondeni. Jirani yetu Mama Sifa alikuja mbio na kipande cha ndimu, akisema uchungu wa soda huzimwa na ukali wa ndimu. Furaha, macho yamefungwa, akamsukuma mkono.

"Hapana ndimu, mama. Maji tu. Mengi."

Mara hiyo nilimtii. Nilimlaza kando ya pipa la mvua, nikammwagia kikombe baada ya kikombe hadi nikaanza kukwangua chini ya pipa. Kisha nikambeba mgongoni mpaka kituo cha afya. Muuguzi alisema maji yaliokoa jicho la kulia. La kushoto lilibaki jeupe, kama maji yaliyooshewa mchele.

Alipopona alirudi shuleni, akakaa benchi la mbele, lakini kichwa kilimuuma na ubao ulicheza. Halafu vita vikasogea, madarasa yakajaa waliokimbia, na masomo yakaishia hapo. Sasa anauza maharagwe soko la Ngungu. Hajawahi kunilaumu, hata neno moja, na hilo ndilo linalonilemea zaidi. Siku moja nilimwomba msamaha. Akasema, "Yaya, ulikuwa unatafuta chakula yetu," kisha akaendelea kuchambua maharagwe, akiyaleta karibu na jicho lake zima.

Sufuria bado ninayo. Imetoboka chini, tundu tatu. Inaning'inia jikoni juu ya mafiga, na kila anayeingia huuliza kwa nini siitupi.

Wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nami niliwatisha wadogo zangu kwa methali hiyo mara nyingi. Siku ile mkuu alikuwa mimi, na asiyesikia alikuwa mimi, na kilichovunjika hakikuwa changu.

Kwa hiyo shika haya, mwanangu. Kitu kuvumilia moto miaka yote si ushahidi kwamba kitavumilia kila kitu. Uliza kwanza kinakutana na nini. Soda yeyushia kwenye plastiki ngumu, soda ndani ya maji na si maji juu ya soda, na maji mengine yawe tayari kando kabla hujafungua mfuko. Na ukiwa mkubwa wa nyumba, usitumie mkate unaowapa wadogo kuwafunga midomo. Kulisha ni kazi, kujua ni kazi nyingine. Aliyeacha shule si mjinga. Mjinga ni yule anayemsomesha mtu kwa jasho lake mwenyewe, kisha akamcheka.

Mungu akufikishe uzeeni na macho yako yote mawili. Akupe mtu wa kukuambia "ngoja", hata kama ni mdogo wako, na siku hiyo akupe moyo wa kungoja.