Upande wa Maji

Tarehe kumi na nne Januari, kabla hapajapambazuka, nilimpoteza mume wangu. Watu wakisikia kwamba tulikuwa na bustani kando ya Ziwa Babati hudhani aliuawa na kiboko. Hapana. Ni ugonjwa wa sukari, uliomla taratibu kuanzia miguuni. Nalisema hili mwanzo ili mtu asinihurumie kwa jambo ambalo halikutokea.

Lakini viboko wamo katika habari hii, kwa hiyo nieleze. Bustani yetu ipo upande wa Nakwa, na njia ya kuifikia inapita ukingoni mwa ziwa. Mchana viboko hukaa majini. Jioni hutoka kutafuta majani, na wakikuta mchicha wa mtu hawaulizi ni wa nani. Sisi tulikuwa tunarudi nyumbani Maisaka jua likizama, maana wakati wa kiangazi kitunguu humwagiliwa jioni. Tangu tulipooana mume wangu alikuwa na desturi moja: yeye alitembea upande wa maji, mimi na mtoto tukapita upande wa nchi kavu. Nikijisahau nikaenda upande wake, alinishika bega akanirudisha.

"Kiboko akija aanze na mimi," alikuwa akisema. "Nina mifupa mingi, atachoka kabla hajakufikia."

"Utamchosha kwa maneno," nilikuwa namjibu.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu ya mapenzi. Hatukuwa na mengine.

Alipofariki sikuikanyaga tena ile njia. Hakuna aliyenikataza. Mwezi wa pili nilikwenda na jembe begani mpaka pale inapoanzia, nikasimama, nikageuka. Mzee mmoja anayelima jirani na sisi akaja nyumbani kuniomba nimwachie bustani, aiunganishe na yake, kuliko iote magugu. Ni mtu mwema, hakunisukuma. Nilimwambia nitampa jibu baada ya Pasaka. Moyoni nilikuwa nimeshaamua kumwachia. Nilichokuwa nataka ni muda wa kuizoea aibu, kwa sababu ile bustani ilikuwa kazi ya maisha yetu, na mimi nilikuwa naitoa kwa kuogopa kupita njiani.

Binti yetu, mtoto pekee tuliyejaliwa, anaishi Arusha na mumewe na watoto wao wawili. Alinipigia simu wiki moja kabla ya Ijumaa Kuu.

"Mama, Pasaka hii hatuji Babati. Tunakuja kukuchukua twende Tanga, baharini. Tutakaa hotelini."

"Kufanya nini?"

"Kupumzika."

"Nimepumzika tangu Januari, mwanangu. Nimechoka kupumzika."

Akacheka kidogo tu, na nikajua anachofikiria. Kila Pasaka baba yake ndiye aliyekuwa anachinja mbuzi pale uani, huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti isiyofaa. Nikakubali kwenda ili binti yangu asiuone ule ua ukiwa kimya. Baadaye aliniambia kwamba yeye naye alidhani ananiepusha mimi.

Nilibeba debe la mchele uliolimwa Magugu, jirani na kwetu, kwa sababu huendi kwa watu sikukuu mikono mitupu. Mkwe wangu alilitazama lile debe kabla ya kulipakia kwenye gari.

"Mama, kule wanapika wenyewe."

"Wanapika nini?"

"Chakula."

"Na hiki ni nini?"

Debe likasafiri. Tulipofika, mlinzi wa hoteli, mwanamume wa makamo, ndiye aliyelibeba hadi ndani, na dada wa mapokezi akalitazama kama mkwe wangu alivyolitazama. Kisha akanifunga utepe wa plastiki wa bluu mkononi.

"Huu wa nini?"

"Ili tukutambue kuwa ni mgeni wetu, mama."

Nikamwambia kwetu tunafanya hivyo kwa ng'ombe wa mnadani, ila wao wanapakwa rangi. Binti yangu akanivuta kanga.

Jioni ile ile nikatia aibu. Wajukuu walikuwa wanacheza majini, maji yakifika magotini, baba yao amesimama pembeni na simu. Jua likazama na maji yakatulia. Mwili wangu ukainuka wenyewe. Nikachukua mwavuli kama fimbo, nikateremka mchangani nikiwaita watoke, na sauti yangu ni ya mtu wa shamba, inafika mbali. Wageni wote wakageuka. Yule mlinzi akaja mbio.

"Bibi, kuna nini?"

"Jua limezama na watoto wako majini."

"Mbona maji yametulia, bibi?"

"Ndiyo hiyo. Yakitulia ndipo anapotoka."

"Nani?"

"Kiboko."

Alicheka mpaka akashika kofia isianguke. "Bibi yangu, hii ni bahari. Kiboko wa huku labda uwe umemleta mwenyewe kwenye lile debe."

Nami nikacheka, lakini watoto niliwatoa vile vile. Mkwe wangu aliwapokea akawafunika taulo. Ni mtu wa Singida, ana heshima, na alikuwa ameshajifunza kwamba mambo ya maji katika familia hii si ya kubishia.

Jumamosi asubuhi tukaenda wote kununua madafu kwenye genge lililokuwa mbele kidogo, tukifuata ufuko. Mkono mmoja palikuwa na ukuta mfupi wa mawe, mkono mwingine bahari. Katikati palikuwa na mchanga ambao lori lingepita bila shida. Tulitembea kidogo tu, mkwe wangu akasimama.

"Jamani, mbona mnanibana? Mnataka nipande ukutani?"

Tukajitazama. Yeye alikuwa ameegemea mawe, binti yangu amembana, na mimi nimembana binti yangu. Mbele yetu watoto walikuwa wanafuatana kwa mstari, mkono mmoja mmoja ukigusa ukuta, kama babu yao alivyowafundisha kila walipokuja likizo. Mchanga wote uliobaki ulikuwa mtupu.

"Tumemwachia baba njia," binti yangu akasema.

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kidogo, na upepo ukanisaidia kujifuta. Mkwe wangu alipoelewa aliomba radhi, ingawa hakuwa na kosa. Tukaendelea hivyo hivyo, tumebanana, mpaka kwenye madafu, na kurudi pia. Hakuna aliyejaribu kwenda upande ule. Nilimpenda sana mkwe wangu siku hiyo. Mwanamume mrefu vile, anakwaruzwa bega na mawe bila kulalamika.

Jumapili tulisali katika kanisa lililo karibu. Nyimbo zilikuwa zile zile zetu, ila wanaziimba haraka, nilikuwa naachwa ubeti mzima. Nilishukuru kwamba hapakuwa na mtu wa kuimba vibaya kando yangu, kisha nikajuta kushukuru. Chakula cha mchana kilipangwa kwenye meza ndefu, kila mtu anajichotea. Nilikula wali wa nazi na samaki, nikarudia. Nasema ukweli, nilikuwa sijala chakula kwa hamu tangu msiba, na siku hiyo nilikula.

Baada ya hapo mkwe wangu akalala, binti yangu akawa anafua vinguo vya watoto bafuni, ingawa hotelini wanafua wao. Wajukuu wakanishika mikono twende kuokota makombe. Tukashika ukuta kama kawaida. Lakini lilikuwa jua la saa nane na mawe yalikuwa yanachoma. Yule mdogo, wa kike, akayaacha akaenda zake kwenye mchanga wenye maji, upande ule.

Sikufikiri. Nilimfuata nikamshika bega nikamrudisha. Na ili kumrudisha ilibidi nipite, nimweke yeye ndani na mimi nibaki nje. Wimbi likaja likanilowesha viatu na upindo wa gauni la Pasaka. Ndipo nilipoona niliposimama.

Tukaendelea kutembea. Sikutaka kuhama haraka, wala sikutaka watoto waone kuna jambo. Nikasema, kama kwa mzaha, "Kiboko akija aanze na mimi."

Mdogo akanitazama. "Bibi, wewe huna mifupa mingi. Wewe una nyama. Atashiba."

"Basi akishiba atarudi zake majini," kaka yake akasema, "na sisi tutakuwa tumepona."

Walivyonigawa kwa urahisi. Nilicheka mpaka nikaketi mchangani, na wimbi lililofuata likamaliza gauni. Binti yangu alitoka akanikuta nimelowa, akasimama juu ya ngazi za kuteremkia ufukoni akinitazama nilipoketi. Aliteremka akaketi kando yangu, upande wa ukuta.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kuondoka, lile debe la mchele nilimpa mlinzi. Alisita, akasema haruhusiwi kupokea vitu vya wageni. Nikamwambia huu si wa mgeni, ni wa bibi yake. Akaupokea, na akaniahidi kwamba kiboko akionekana atanipigia simu.

Jumatano nilikwenda bustanini. Sikwenda jioni, ujasiri wangu haujafika huko. Nilikwenda saa nne asubuhi, viboko wakiwa katikati ya ziwa, yanaonekana masikio tu. Njia ilikuwa tope la masika. Nilipita upande wa maji, ingawa hapakuwa na mtu upande wa pili wa kukingwa.

Sitaipamba bustani. Vitunguu vingi vilikuwa vimeoza. Majani yalinifika magotini, na nyayo za kiboko zilikuwa zimekata matuta katikati, kila unyayo umejaa maji ya mvua kama bakuli. Mchicha hakubakiza hata shina. Yule mzee jirani alikuwa kwake akipalilia. Aliponiona aliacha kazi akaja.

"Shikamoo," nikamsalimu.

"Marahaba, mama. Habari za Tanga?"

"Nzuri. Maji yao yana chumvi."

Akautazama utepe wa bluu, nilikuwa bado sijaukata. Akatazama na jembe. "Na hii bustani, mama?"

"Nusu ya kule juu chukua ulime, siiwezi yote. Huku chini nitalima mwenyewe."

"Huku chini ndiko wanakotokea."

"Najua."

Alinipokea jembe, akajaribu mpini, ukawa unacheza, maana lilikuwa halijatumika muda mrefu. Akaokota jiwe, akaupigilia mpaka ukakaza, akanirudishia. Nikaanza na tuta lililo karibu na maji.