Mwaka Nilioujaza Mimi

Chumba cha kompyuta hakikuingiwa na viatu. Fundi aliyekuja kutoka Mombasa kuifunga mashine alituambia vumbi litaiua, basi hata meneja, mtu wa makeke asiyemwamkia yeyote, aliingia mle kwa soksi. Mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, nimetolewa kwenye taipureta nikakabidhiwa mashine ile, na nakiri kichwa kilinivimba. Katika kiwanda kizima cha makumbi ya nazi, pale upande wa Mnarani, hakuna aliyeruhusiwa kuigusa ila mimi.

Kabla sijaanza kuingiza kadi za wafanyakazi, fundi alinikalisha mbele ya faili la mipangilio. Humo ndimo programu ilimoambiwa ifanye nini pale ambapo sisi hatukusema kitu: orodha iwe na mistari mingapi kwa ukurasa, tarehe iandikwe vipi, mfanyakazi astaafu na umri gani. Mistari, nikaandika thelathini. Kustaafu, hamsini na tano. Likaja swali la mwisho: mtu asiye na mwaka wa kuzaliwa, awekewe upi? Nilijaribu kupaacha patupu, mashine ikakataa. Ilitaka tarakimu mbili.

"Niweke ngapi?" nikamuuliza.

"Weka yoyote, dada. Utabadilisha baadaye."

Thelathini ilikuwa bado iko vidoleni, nikaiandika tena. Ulikuwa mwaka wa themanini na tatu. Fundi akamaliza soda yake akaenda zake, na hiyo baadaye mimi nikaisahau.

Kadi za wanawake waliotoka bara, huko Marafa na kwingineko, nyingi zilikuwa na kistari mahali pa mwaka. Karani wa zamani aliwauliza, nao wakamjibu kwa njaa, kwa nzige, kwa mvua iliyobomoa nyumba ya fulani. Yeye akaona huo usumbufu, akapiga kistari. Nilipofika kwenye kistari nilibonyeza kitufe nikapita, mashine ikajaza yenyewe. Nilifurahi kweli kwa jinsi ilivyonipunguzia kazi.

Mmoja wa wanawake hao alikuwa jirani yetu, amepanga chumba cha uani kwetu. Alikuwa mjane. Kutwa alisimama akichambua makumbi yaliyoozeshwa majini, na harufu ile haikumtoka mikononi hata akioga mara mbili. Mumewe alipofariki, shemeji zake wa Marafa walitaka arudi, mmoja wao amrithi. Alikataa. Kazi ile ndiyo iliyompa kauli ya kukataa, na ndiyo iliyomweka bintiye sekondari. Aliniambia hivyo mara nyingi huku akinisuka: siku kazi ikiisha, mimi ni mtu wao. Nilimwita mama, na mama yangu mzazi hakuona vibaya.

Januari ya themanini na tano nilitakiwa kutoa orodha ya wanaostaafu, na barua zao. Ukitoa thelathini kwenye themanini na tano unapata nini, hata mtoto wa shule angejibu. Mimi sikuuliza. Mashine ilipiga kelele asubuhi nzima ikitoa barua kwenye karatasi ndefu yenye matobo pembeni, nami nikazichana moja moja, nikiangalia kama maandishi yamekaa katikati ya karatasi. Majina sikuyasoma. Meneja alitia sahihi zote kabla ya chakula cha mchana.

Jumamosi yule mama akaja barazani kwetu na bahasha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nisomee hii. Mwenyewe najua kuona wino tu."

Nikamsomea. Nilianza kwa sauti ya kiofisi, ya kujionyesha, mpaka nikafika pale palipoandikwa kwamba amezaliwa mwaka wa thelathini, ametimiza miaka hamsini na tano na kwa hiyo kiwanda kinamshukuru. Kifungua mimba wake, aliyekwisha kuolewa bara, alikuwa rika langu, na mama mwenyewe aliolewa akiwa kigoli. Mwanamke yule hakuzidi arubaini na miwili.

Nilitaraji alie. Badala yake alinitazama kwa mshangao mkubwa, karibu acheke.

"Hamsini na tano! Kumbe mimi ni mzee hivyo?" Akajishika mashavu. "Mamangu aliniambia nilizaliwa mwaka wa njaa, lakini njaa kwetu zimekuja ngapi? Leo ndiyo najua. Sasa hiyo mashine yenu, mwanangu, imejuaje?"

"Imepiga hesabu," nikasema.

Ndivyo nilivyomjibu. Nimejaribu miaka yote kulitafutia jibu hilo udhuru, na sijaupata. Nilikuwa na hofu, na zaidi ya hofu nilikuwa na aibu, kwani nilishajua kosa liko wapi.

Jumatatu nilivua viatu nikafungua lile faili. Thelathini ilikuwa palepale, chini ya thelathini ya mistari. Nikaenda kwa meneja, miguu mitupu vilevile, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo sitamnyima.

"Mwaka wenyewe wanaujua?" akaniuliza.

"Hawaujui, bwana."

"Basi umejuaje kwamba mashine imekosea?"

"Kwa sababu nimeuandika mimi."

Akaivuta kalamu yake karibu. "Barua zina sahihi yangu. Nikizirudisha, nitawaambia wenye kiwanda ni nani aliyekosea? Mashine yao ya bei kubwa, au wewe?" Akarudi kwenye karatasi zake. "Rudi kazini. Hiyo namba ibadilishe, yasitokee tena."

Nikarudi kazini. Niliiweka arubaini na tano, na kazi hiyo haikunichukua hata dakika moja. Waliobaki na vistari, ambao kadi zao ziliingizwa baadaye, walisalimika. Walioandikiwa barua walikwenda. Ningeweza kusimama getini nikawaambia, wakafanya zogo, labda wakarudishwa. Nilikuwa na kazi nzuri yenye feni.

Yule mama alihama mwisho wa mwezi, kurudi Marafa. Alipakia kitanda, sufuria na sanduku la shule la bintiye, akanikumbatia, akasema nisimsahau kwa vile sasa yeye ni ajuza. Alinitania tu. Mmoja wa wale shemeji alimwoa mwaka huohuo. Binti hakurudi shule. Nilisikia ameposwa, kisha nikasikia amejifungua.

Mwaka wa themanini na tisa ikaja habari kwamba yule mama amefariki, ni kifua. Nilikwenda Marafa kumzika. Watu waliokaa pale chini ya turubai walikuwa wakisema marehemu alikuwa ameshakula chumvi nyingi, tumshukuru Mungu. Niliyakodolea macho makaburi mengine ili nisimtazame mtu.

Binti akanijia, mtoto mgongoni. Alikuwa na msalaba wa mbao uliopakwa chokaa, na kopo la rangi nyeusi.

"Dada, tuandikie wewe. Wewe ndiwe mtu wa ofisini, una mwandiko."

Nikapiga magoti mchangani, nikaandika jina la marehemu la ubatizo, kisha la ukoo. Nikauliza kitu nilichokijua, kwa kuwa sikuwa na njia ya kutouliza.

"Mwaka wa kuzaliwa?"

Binti akafungua nailoni aliyokuwa ameifunga kwenye pindo la kanga. Ndani mlikuwa na barua yangu ile ya kustaafu, imekunjwa mara nne, matobo ya pembeni bado yapo.

"Elfu moja mia tisa na thelathini," akasema. "Alikuwa akiutaja kila Krismasi. Mungu awabariki nyinyi wa kiwandani, bila barua hii tungempigia kistari."

Watu walikuwa wamesimama wakingoja. Nikachovya brashi, nikaiandika tena thelathini.