Arobaini ya Sungura

Sungura alizaa nikiwa mimi mwenyewe ndani ya arobaini ya uzazi, nyumbani kwa mama yangu Mji Mkongwe. Siku zile zilinipita kama moshi wa udi; sikujua asubuhi imeanzia wapi wala alasiri imeishia wapi. Madirisha yamefungwa, uji wa pilipili manga hauishi kuletwa, na mtoto hanitoki mikononi. Mzazi hamwachi mwanawe peke yake. Hiyo ndiyo sheria ya mama, na mama yangu akishaweka sheria, hata paka wa uchochoroni huifuata.

Mume wangu alimnunua sungura huyo mtaa wa Mlandege, akamweka uani. Sungura alijinyofoa manyoya ya kifuani, akayatandika ndani ya sanduku la mbao, akazaa, akawafunika wanawe, kisha akaruka nje. Akaenda kukaa pembeni kabisa, anatafuna majani ya viazi. Hakugeuka nyuma.

Mama alipandwa na hasira.

"Kashazaa, kashakimbia! Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Huyu mzazi gani huyu?"

Akamrudisha sandukuni, akamfunika kwa tenga, akaweka jiwe juu, na udi akamfukizia. Arobaini yake nayo ikaanza.

Alasiri nzima nikasikia kutoka uani: du, du, du. Sungura alikuwa akipiga chini mguu wa nyuma. Mume wangu aliponiletea chai nikamuuliza. Akasema kwao bara sungura wa porini hata shimo hachimbi. Huwaacha watoto majanini, akaenda zake mbali. Watoto hawana harufu, mwenye harufu ni mama, na akikaa nao atawaitia mbweha. Hurudi mara moja jua likishazama, akawanyonyesha, akaondoka.

"Huyu wa kufuga naye ni wa ukoo huohuo," alisema. "Akifungiwa nao atawakanyaga."

"Basi kamwambie mama."

"Mimi? Nimfundishe mkwe wangu uzazi?" Akainywa chai yangu.

Nikabaki na ule mdundo. Niliogopa kesho tutawakuta watoto wamekufa. Lakini nisiseme uongo, nilimwonea huruma zaidi mama yao. Nampenda mwanangu mpaka kifua kinauma, na bado nilitamani pembe ya ua, nitafune changu kimya, nisiguswe na mtu.

Alfajiri, mama alipokuwa akiswali, nikatoka na mtoto begani, nikaondoa jiwe na tenga. Sungura akaruka nje. Mama akaja akatukuta papo hapo, mimi, jiwe na sungura.

"Mama, tungoje kidogo tu," nikasema.

 Mama akaketi kwenye ngazi na tasbihi yake.

Kulikuwa kunapambazuka. Sungura akajilamba, akasimamisha masikio, akasikiliza, halafu akarudi sandukuni mwenyewe. Akasimama juu ya wanawe akawanyonyesha, kwa muda wa chai kuchemka hivi, akatoka. Mama akainuka, akayafukua manyoya kwa kidole kimoja. Wote walikuwa wazima, matumbo yamejaa, maziwa yanaonekana meupe chini ya ngozi.

 Mama alimchukua mtoto begani kwangu, akamlaza kifuani pake.

"Panda juu ukapigwe na upepo," akasema. "Akitaka kunyonya ntakwita."