Kidole cha Baba

Msimu ule nyumba yetu ya Kasongo ilinuka majani ya dawa yaliyotwangwa, harufu chungu iliyoingia hadi kwenye wali. Baba alikuwa amerudi kutoka Lusangi, alikonunua dhahabu kwa wachimbaji, na siku mbili mfululizo alikula nyama ya moshi na kunywa pombe na wenzake. Alfajiri ya siku ya tatu alituamsha kwa kelele. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kimevimba, chekundu, kinang'aa, cha moto. Hata shuka hakutaka limguse. Na hakuwa amejikwaa wala kuumwa na mdudu.

Kwetu mguu ukivimba bila kidonda, wanasema mtu amekanyaga dawa aliyotegewa mlangoni. Basi tukaanza kutazamana kwa pembe za macho. Mama akakataa chakula asichokipika mwenyewe. Baba akaniita: "Mutoto, jana ulimuona nani apa ku mulango?" Nikasema kweli tupu: "Shangazi. Alikuwa anafagia."

Shangazi, dada yake mkubwa, alikuwa ameachika na hakuwa na kwingine kwa kuishi. Mlango ule aliufagia kila siku ya Mungu, lakini nani alijali? Watu wazima wakachimba kizingiti, wakatoa fundo la uzi mweusi. Ala! Chimba mlango wowote Kasongo uone kama utakosa uzi! Shangazi akapiga magoti. "Ndugu yangu, tulinyonya ziwa moja. Miye nikuroge juu ya nini?" Baba akageukia ukutani. Siku hiyo hiyo pikipiki ikampeleka Kabambare na kifurushi chake cha nguo. Baada ya juma moja mguu ukapona, nasi tukaona tumepata ushahidi. Maumivu yaliporudi mwaka uliofuata, baada ya nyama za harusi, tulisema anaroga kutoka mbali.

Baba alishafariki. Mwaka huu kidole changu nacho kimewaka vilevile. Muuguzi aliniuliza nilikula nini, kama kilianza ghafla, kama mzazi wangu aliugua hivyo. Akapima damu, akaniambia ni jongo, ugonjwa wa viungo unaochochewa na nyama na pombe: huja kwa kishindo, huisha kwa siku chache, kisha hurudi. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikapanda pikipiki hadi Kabambare, nikashuka nikichechemea, nimwombe Shangazi msamaha. Alifungua mlango nusu, akautazama mguu wangu, akatazama kwa majirani.

"Usiingie, mutoto yangu," akanong'ona. "Wakikuona apa na mguu ule, watasema ni miye tena."