Kaseti Isiyojibiwa

Mama mkwe wangu ni mshonaji wa sare za shule, na mikono yake haina subira. Ukimwambia chai iko tayari, mkono umeshafika kwenye kikombe kabla hujamaliza sentensi. Kwa mikono hiyo alilea watoto wakati mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, yuko kazini mgodini, mbali. Siku hizo walitumiana kaseti badala ya barua. Baba anasema yake huko, dereva wa lori analeta, mama anasikiliza, kisha anarekodi jibu juu ya maneno yale yale na kumpa dereva airudishe. Kaseti ilikuwa moja. Kwa hiyo kila alichosema mumewe, mama alikifuta kwa kujibu.

Ujumbe mmoja tu ulinusurika, wa mwisho. Mama hakuujibu, kwa sababu mumewe mwenyewe alitokea mlangoni na begi lake.

Sasa baba anakaa kwenye kiti cha dirishani na hasemi. Kiharusi kilichukua mkono wa kulia na ulimi wote. Mimi nimeolewa baada ya hapo, sijawahi kuisikia sauti yake. Anaongea kwa macho, na macho yake, Mungu anisamehe, ni makali kuliko midomo ya watu wengine.

Jumamosi ile nilikuja na kompyuta, nihamishie humo kaseti hiyo kabla haijaoza. Nilichomeka waya kwenye tundu la hedifoni la redio-kaseti ya mama, nikaikagua kaseti. Utepe ulikuwa umekunjamana na kukauka.

"Mama, huu unaweza kukatika mara ya kwanza tu. Tukiukosa, basi."

"Usinitishe, mwanangu. Nimeshona hariri kwa mwanga wa kibatari." Lakini jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

Akaurudisha utepe mwanzo kwa kalamu, taratibu, jino baada ya jino, akaitia kaseti redioni. Baba ametukazia macho. Nilitamani aangalie nje kidogo, lakini nani wa kumwambia?

"Haya," nikasema, nikiinamia kompyuta. "Bonyeza, mama."

Akabonyeza. Nikasubiri mstari kwenye kioo utikisike. Wapi! Nikaongeza sauti. Kimya. Magurudumu yanazunguka, utepe unakwenda, na kompyuta haisikii kitu. Nikadhani ni waya, nikauchomoa, nikauchomeka tena.

"Mama, humu mna kitu kweli?"

"Mna kitu! Mume wangu yumo humo!"

"We!"

Niliruka. Sauti nzito, yenye kukwaruza, ilitoka dirishani. Baba alikuwa amejiinua nusu, mkono wa kushoto umenyooka kuelekea redio. "We!"

Ndipo nikaangalia vidole vya mama. Vilikuwa viwili. Kimoja kwenye kitufe cha kuchezesha, kingine kwenye kile chekundu cha kurekodi, kwa pamoja, kama alivyozoea enzi zile dereva akimsubiri nje. Kichwa kilitaka kusikiliza, vidole vikaanza kujibu.

"Mama yangu!" akapiga ukelele, akazima.

Akakaa chini sakafuni. "Nimemfuta," akasema. "Miaka yote namfuta, na hata hii." Baba alikuwa anahema, ameuelekeza mkono ule ule kwenye kaseti. Alitaka tuendelee.

Nikarudisha mwanzo kwa kalamu, nikabonyeza mwenyewe kitufe kimoja. Redio ilikuwa imenasa chumba kizima. Tulisikia kiti changu kikilia, mimi nikiuliza kama mna kitu, mama akijibu kwa hasira. Kisha "We!" mara mbili, na ukelele wa mama. Kikafuata kishindo kidogo, na kijana mmoja mwenye sauti nyepesi, ya utani, akadakia katikati ya sentensi:

"...kwa hiyo hii usiijibu, mke wangu. Nakuja mwenyewe."

Utepe ukaenda mpaka mwisho bila kukatika. Nilikuwa nalia na sikujali nani ananiona. Nilipotulia nikataka kuukata kwenye kompyuta ule mwanzo wenye kelele zetu. Mama akanishika mkono.

"Usikate. Hatujawahi kuwemo humu wote wawili."

Kisha akamgeukia mumewe, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Na wewe, tangu lini umenikataza jambo nikakusikia?"

Upande mmoja wa mdomo wa baba ukacheka.