Kiwanja cha Mwenye Mto

Usianze kukunja uso kabla sijafika popote. Najua umesoma kunizidi. Mimi niliishia darasa la saba. Lakini viatu vilivyokwenda na maji vilikuwa vyangu, si vyako, kwa hiyo kaa usikie.

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, bibi yangu, ambaye sote tulimwita Kukhu, alikuwa na kinu cha maji kwetu magharibi mwa Kenya. Mto ulizungusha gurudumu, gurudumu likazungusha jiwe, na watu wakaja na mahindi kichwani kutoka vijiji vya mbali. Kando ya kinu palikuwa na kiwanja tambarare chenye majani laini. Hapo Kukhu hakuruhusu hata banda la kuku. Alisema mto una mwenyewe, mwanamke mnene asiyependa kusukumwa, na akija kukagua unga wake hupumzika pale. Dalili kwamba yuko njiani ni vyura kunyamaza mchana.

Baba alichoka kupandisha magunia kilimani, akajenga ghala palepale.

"Wanjala, umejenga sebuleni kwa mtu," Kukhu akamwambia.

Baba akacheka. Alikuwa mtu mzuri, mvivu kidogo.

Siku moja, saa sita, jua kali, nilikuwa ghalani nikishona midomo ya magunia. Nilikuwa nimevua viatu vyangu vya kwanza vya shule visishike unga. Vyura wakanyamaza. Mimi sikugundua, kelele ikiisha nani huisikia? Kukhu aligundua. Akasimamisha gurudumu, akanishika sikio, akanikokota kilimani.

"Viatu vyangu, Kukhu!"

"Miguu unayo?"

"Ninayo."

"Basi panda."

Baba akatoa kichwa mlangoni. "Mama, mbona hakuna hata wingu?"

"Utabishana nami ukiwa huku juu!"

Baba alipanda, nadhani ili tu mama yake anyamaze. Hata pumzi hajairudisha, mto ukaja na rangi ya kahawia, ukaingia kiwanjani, ukalibeba ghala na magunia na viatu vyangu. Kukhu akakung'uta unga uliobaki kwenye leso yake, akautupa upande wa maji. "Karibu, mama," akasema, kama anayempokea mgeni aliyechelewa. Kukhu hakumsuta baba hata kidogo. Mimi nisingeweza kujizuia. Tangu siku hiyo baba alipandisha magunia bila kunung'unika.

Naam, baadaye mwalimu alinieleza kuwa mvua ilinyesha mlimani. Sawa. Ila mwalimu hakuwepo kunivuta sikio.

Haya yote yalinirudia Dubai. Mwanangu Barasa, mtunza ghala katika bandari ya Jebel Ali, alinitumia viza nije niweke sahihi, kwa kuwa ardhi ya kinu iko kwa jina langu naye alitaka iuzwe ili arudi nyumbani. Tukapanda metro hadi kwenye ofisi moja ghorofani, Jumeirah Lake Towers, inayowauzia Wakenya wa huko nyumba za kujengwa kwetu. Chini dirishani kuna ziwa la kuchimbwa, halina chura hata mmoja. Ukutani palibandikwa picha ya kinu cha Kukhu, na kile kiwanja kimejazwa vijumba vyekundu vya kuchorwa.

"Shosho, saini hapa tu, khalas, imekwisha," akasema muuzaji, kijana wa kwetu mwenye suti, kana kwamba mimi ni bibi yake.

Benchini alikaa msichana mwenye sare ya ulinzi na viatu vyeusi vilivyong'arishwa vizuri. "Mimi nimechagua ile nyumba ya chini kabisa, karibu na mto, mama," akaniambia. "Mama yangu atakuwa akilala akisikia maji. Ni pazuri?"

Ningesema ndiyo, mwanangu angerudi nyumbani.

Nikawasimulia kama nilivyokusimulia. Muuzaji akacheka. Nikamwambia, "Kinu chukua, mawe chukua, sina haja nayo. Futa vijumba vya chini, nisaini."

"Haiwezekani. Ramani imeshapitishwa."

Barasa akanitazama. "Mama, sasa nitarudi lini?"

"Utarudi. Lakini si kwa kumlaza mama wa huyu pale."

Akainamisha kichwa. Kisha akachukua chupa yangu ya chai mezani, akasimama. Alinikumbusha baba na magunia yake.

Kama mto una mwenyewe, sijui, sijawahi kumwona. Ninachojua ni kwamba Kukhu, kabla ya kuuliza kiwanja kina faida gani, aliuliza nani atakuwa ndani maji yakija. Mimi nilikuwa ndani.

"Inuka, binti," nikamwambia yule msichana. "Viatu vyako bado unavyo."

Akatoka mbele, Barasa akafuata na chupa. Muuzaji alikuwa bado amenyoosha kalamu. Nikatoka mwisho, nikaufunga mlango, baridi ya ofisi yao isipotee bure.